Binti yetu ana kifafa, na baba yake anataka iwe siri

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na baba yao hajarudi. Nina watoto wawili. Wa kiume ana miaka 10, na wa kike, nimwite Nasra, ana miaka 6, yuko darasa la awali. Tunaishi Tanga. Mume wangu ni fundi magari na mimi nashona nguo hapa hapa nyumbani.

Miezi michache iliyopita, alfajiri, kaka yake alikuja kunigongea mlango analia, anasema Nasra anakoroma vibaya. Nilimkuta mdomo umepinda upande mmoja, shavu linacheza, udenda unamtoka. Mara mwili wote ukakakamaa, akaanza kutupa mikono na miguu, akajikojolea. Mimi nilipiga kelele tu. Mama mkwe wangu, tunaishi naye, alikuja na kijiko akampanua meno, damu ikatoka. Tulidhani ni degedege, maana alipokuwa na miaka 2 aliwahi kulipata akiwa na malaria. Lakini safari hii hakuwa na homa, na zahanati walimpima malaria hawakuiona. Haukupita mwezi ikarudi vile vile, saa zile zile. Ndipo tukapewa rufaa, akapimwa kile kipimo cha kubandikwa nyaya kichwani, daktari akasema ni kifafa. Ameandikiwa kabamazepini, nusu kidonge asubuhi na nusu jioni.

Baba yake hakusema neno njia nzima. Tulipofika nyumbani akaniambia habari hii isivuke kizingiti. Anasema kwao hakuna kifafa, na watu wakijua, nani atakuja kumposa binti yetu? Hata mwalimu nisimwambie. Kinachomuuma zaidi ni kwamba kliniki yenyewe iko kwenye jengo la afya ya akili, anasema watu watatuona tunaingia kwa wendawazimu.

Mama mkwe yeye anasema ni jini, mtoto alichezea majivu chini ya mbuyu magharibi. Alileta mtu wa kisomo, Nasra akaandikiwa kombe, akafukizwa ubani. Yule mtu akasema dawa za hospitali zinapingana na tiba yake, tuziache kwanza. Nami nilikuwa nimeshaingiwa na wasiwasi kwa sababu vidonge vinamsinzisha na kumyumbisha, nikaacha. Hazikupita siku nyingi akaanguka mara mbili kwa siku moja, mchana, mara ya pili karibu na jiko la mkaa. Mkono umetoka malengelenge. Nimevirudisha vidonge kimya kimya, mama mkwe hajui.

Shangazi, sasa hivi namlaza ubavuni kwangu na kumshika mkono usiku kucha. Akibadilisha pumzi tu nimeamka. Nimemtoa shule, nimemdanganya mwalimu kwamba ana homa ya matumbo. Nimemkataza kutoka nje. Kaka yake hataki tena kulala naye chumba kimoja. Jana Nasra aliniuliza, "Mama, mimi nitakufa?" Nikajifanya sikusikia.

Je, ni kosa langu? Nilikaa na uchungu muda mrefu nilipomzaa. Atapona? Na nifiche kama baba yake anavyotaka, au niseme?

Mama Nasra, Tanga

Marahaba, mwanangu. Pole wewe, na pole kwa Nasra na mkono wake. Kabla sijaanza kujibu barua hapa nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto hadi nilipostaafu, kwa hiyo mengi nitakayokuambia nimeyaona. Lakini mimi si daktari wa binti yako, na pale nitakapokuambia muulize, muulize kweli.

Nianze na vidonge, maana hilo halisubiri. Umefanya vyema kuvirudisha. Usiviache tena, na usimkubalie yeyote anayekuambia uviache, awe mtu wa kisomo, mama mkwe, jirani au mimi Shangazi. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, mtoto anaweza kuanguka mfululizo, wakati mwingine vibaya kuliko kabla hajaianza. Hicho ndicho kilichomkuta Nasra siku ile ya jiko. Hakuna jini aliyekasirika. Dawa ilikuwa imemwisha mwilini. Siku dawa itakapotakiwa kupunguzwa, daktari ndiye atakayeipunguza, tena kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Ukirudi kliniki, mweleze daktari kwamba zilipita siku bila dawa. Najua utaona haya. Usipomwambia, ataona kwenye daftari kwamba mtoto ameanguka mara mbili akiwa kwenye kabamazepini, ataamini dawa imeshindwa, na ataipandisha au kuibadili bila sababu. Mweleze pia huko kusinzia na kuyumba. Watoto wengi husinzia mwanzoni kisha mwili ukazoea. Dawa hii hupimwa kwa kilo za mtoto, kwa hiyo akiendelea kuyumba, au akikuambia anaona vitu viwili viwili, huenda kipimo kimemzidi na kitarekebishwa. Kuna jambo moja la kabamazepini ambalo halingoji tarehe ya kliniki: ukiona vipele vimemtoka mwilini, hasa vikiambatana na homa au vidonda mdomoni, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, uende na pakiti ya dawa mkononi. Na kila unapomnunulia dawa nyingine, hata ya kikohozi, mwambie mtu wa duka la dawa kwamba mtoto anatumia kabamazepini. Zipo dawa zisizopatana nayo. Erithromaisini, kwa mfano, huipandisha mwilini hadi mtoto akalewa nayo.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo la kwanza. Nifiche au niseme? Sema, mwanangu.

Sisemi ukatangaze mtaa mzima. Ugonjwa wa mtoto ni habari yake mwenyewe, na akikua atachagua nani wa kumwambia. Lakini kila mtu anayebaki na Nasra wewe usipokuwepo lazima ajue: mwalimu wake, ustadhi wake kama anakwenda chuoni, kaka yake, bibi yake, na jirani mmoja unayemwamini. Maana kifafa hakiombi ruhusa. Kitamshika mtoto uani, kisimani, darasani, na aliye karibu naye dakika ile ndiye atakayemwokoa au kumuumiza. Asiyejua atakimbia au atatafuta kijiko.

Baba Nasra anaamini siri itamlinda binti yake. Msomee hili. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, kifafa kimekuwa kingi kwa miaka mingi. Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianza kuwatibu wagonjwa huko katika miaka ya 1960, akakuta watu wengi wenye kifafa wana makovu makubwa ya moto. Majirani na hata ndugu walikuwa wakiogopa kumgusa mtu aliyeanguka, wakiamini mate yake yanaambukiza, kwa hiyo aliyeangukia motoni aliachwa motoni. Aliwapa fenobabito, dawa ya bei ndogo inayotumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, na wengi walipata nafuu. Makovu lakini hayakufutika. Kifafa hakiambukizi, kwa mate wala kwa mkojo wala kwa kulala kitanda kimoja. Ila watu watalijua hilo vipi ikiwa wenye wagonjwa wote tumekaa kimya?

Na mkono wa Nasra uliungua akiwa ndani ya nyumba yenye siri. Sikulaumu kwa hilo, nakuomba tu umwonyeshe baba yake ule mkono wakati mnaongea.

Nataka kila mtu wa nyumba yenu ajue la kufanya, akiwemo yule mtoto wa miaka 10. Nasra akianguka, mtu wa kwanza atazame saa. Hili watu hulisahau kuliko yote, kwa sababu dakika mbili za mtoto kutikisika huonekana kama nusu saa. Ondoeni kinachoweza kumuumiza: jiko, stuli, kona ya meza. Mlegezee kinachobana shingoni, ushungi au kola. Wekeni kitu laini chini ya kichwa, hata kanga iliyokunjwa. Mgeuzeni alale kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke nje, yasirudi kooni. Basi, kaeni naye. Msimkandamize mikono na miguu mkidhani mnamtuliza, mtamvunja. Msimtie kitu chochote mdomoni: kijiko, kidole, kitambaa, maji, dawa. Hakuna mtu anayemeza ulimi wake. Kijiko kile cha bibi kilitolewa kwa mapenzi, najua, lakini jino likivunjika likaenda kwenye njia ya hewa, hapo ndipo mtoto anapoweza kufa. Kumnusisha kitunguu au kiatu hakusaidii, na moshi wa ubani kwa mtoto anayehangaika kupumua unazidisha taabu.

Mara nyingi kitaisha chenyewe kabla ya dakika tano. Baadaye atakuwa mzito, pengine amechanganyikiwa, atataka kulala. Mwacheni alale kwa ubavu, mmoja akae karibu, na asipewe chakula wala kinywaji hadi azinduke sawasawa. Lakini ikipita dakika tano bado anatikisika, au kimeacha kikarudi kabla hajazinduka, au ameumia, au anapumua kwa shida, hiyo ni hospitali mara moja, usiku au mchana. Kule watampa dawa ya kukikata, mara nyingi diazepamu. Ndiyo maana nasema jirani ajue: kama mwenye pikipiki au bajaji ndiye jirani yenu, mwambieni huyo. Na kama kuna mtu wa pili chumbani, achukue video fupi kwa simu. Daktari karibu kamwe haoni mtoto akianguka, na video hiyo itamweleza mengi kuliko maneno yetu.

Unauliza kama ni kosa lako. Hapana. Kifafa cha watoto kina sababu nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya kichwa, mayai ya tegu wa nguruwe, maumbile ya kurithi. Na kwa karibu nusu ya wagonjwa wote duniani sababu haijulikani. Mtoto aliyezaliwa baada ya uchungu mrefu akalia, akanyonya, akatembea na kusema kwa wakati wake, hatuna msingi wa kusema uchungu ndio ulioleta. Na hata ingekuwa ndio, kuna mwanamke gani anayeuchagua uchungu wa namna hiyo? Degedege la homa alilolipata akiwa na miaka 2 nalo huwapata watoto wengi sana kati ya miezi 6 na miaka 5, na walio wengi hawapati kifafa kamwe. Ule usemi wa "kwetu hakuna" uache upite. Watoto wengi wenye kifafa wamezaliwa na wazazi ambao hawakuwahi kuanguka hata mara moja, kuumeni wala kikeni.

Nadhani baba yake hakusema hivyo kwa ukali. Wanaume wengi niliowaona wakipewa habari hii hunyamaza, wakitoka nje wanatafuta pa kuutupia huo uzito, na mke ndiye aliye karibu. Mpe kazi. Mwambie kengele ya dawa ya jioni iwe kwenye simu yake. Mwambie usiku mmoja alale yeye karibu na Nasra, wewe ulale chumba kingine. Baba anayempa mtoto kidonge kwa mkono wake kila siku haoni tena ugonjwa wa mke wake, anaona ugonjwa wa mwanawe.

Na suala la posa lisiwakoseshe usingizi leo, mtoto ana miaka 6. Wanawake wenye kifafa wanaolewa, wanazaa na kulea. Ila hilo linahitaji daktari ajue mapema, kwa sababu ipo dawa ya kifafa, valproeti ya sodiamu, ambayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mabinti wakikaribia kuvunja ungo madaktari huikwepa wanapoweza. Nasra hatumii hiyo. Siku mkiambiwa abadilishiwe dawa, ulizeni jina lake na kumbukeni haya.

Kuhusu jengo la afya ya akili, nielewe vizuri. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si wazimu. Hapa kwetu Tanzania hospitali nyingi zimekiweka kwenye kliniki ya afya ya akili kwa sababu wahudumu wa pale ndio waliofundishwa kukitibu na dawa zake ndizo zinazokaa pale. Wale mnaowaona kwenye benchi, wengi wao wamekuja kwa jambo lile lile lenu. Ongea nao. Mama mwenzio aliyeanza miaka miwili kabla yako atakufundisha mambo ambayo hakuna daktari aliye na muda wa kuyasema, kama vile kumpa mtoto kidonge kichungu bila vita, au wapi dawa hupatikana siku inapokosekana dirishani. Hilo la dawa kukosekana lipo, kwa hiyo usisubiri kidonge cha mwisho ndipo uende. Kikibaki cha wiki mbili, anza kutafuta.

Mama mkwe usimfanye adui, mnamhitaji. Kisomo na dua ni haki ya nyumba yenu, na mimi mwenyewe ni mtu wa dua. Lakini Mtume wetu alifundisha tutafute tiba, kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake. Mwambie bibi hivi: "Mama, wewe msomee, na mimi nimpe kidonge." Mtu wa kisomo mwenye kumcha Mungu hatakuambia umnyime mtoto dawa. Anayesema hivyo, au anayetaka kumchanja chale, kumfukiza hadi akohoe, au kumnyima chakula na usingizi, mlango wako usimfungulie tena. Halafu nenda na bibi kliniki siku moja. Acha amuulize daktari mambo ya jini kwa mdomo wake. Nimewaona mabibi walioingia wakibisha wakatoka wakiwa walinzi wakali wa saa ya dawa.

Shuleni arudi. Kumfungia ndani hakumkingi na kifafa, kunamkosesha masomo na marafiki, na kunamfundisha kwamba ana jambo la aibu. Mweleze mwalimu yale yale niliyokuambia, umwandikie kwenye karatasi moja: jina la mtoto, kifafa, dawa anayotumia, afanye nini, asifanye nini, namba yako na ya baba. Mwombe amkalishe mbele ambapo atamwona, na akianguka awatulize watoto wengine wasimcheke wala kumzunguka. Mwambie pia kwamba mtoto mwenye kifafa wakati mwingine huduwaa tu, macho yamekodoa, haitiki, kisha anarudi. Hapo hajakaidi na asichapwe. Akiona hivyo aandike saa na akuambie.

Acheze, akimbie, aruke kamba. Mpaka uuwekee maji, moto na mahali pa juu. Jiko la mkaa linyanyuliwe kutoka sakafuni au liwekewe kizuizi, na asiachwe peke yake jikoni. Aoge ameketi kwenye kigoda kwa kata na ndoo, mlango usifungwe kwa komeo. Baharini aende, nyie watu wa Tanga hamuwezi kumnyima mtoto bahari, ila aende na mtu mzima anayejua kuogelea na anayejua ana kifafa, macho yake yasiondoke kwake. Miembe asiipande. Alale mapema, kwa sababu kukesha ni kichocheo kikubwa cha kifafa, hata siku za harusi na za daku. Homa nayo huchochea, kwa hiyo chandarua kila usiku, na akipata homa apimwe malaria mapema.

Kaka yake aliona kitu cha kutisha peke yake gizani, kisha akaambiwa anyamaze. Mkalishe. Mwambie alifanya jambo la kishujaa kuja kukuita, kwamba hatakipata kifafa kutoka kwa dada yake, na kwamba kazi yake ni kumgeuza ubavu na kumwita mtu mzima, basi. Asifanywe askari wa kumlinda usiku. Akitaka kulala kwingine kwa sasa, mwache.

Na Nasra mwenyewe anangoja jibu. Mtoto aliyeuliza akakosa jibu hujijibu mwenyewe, na jibu lake huwa baya kuliko ukweli. Kaa naye mchana, mkiwa mnafanya kitu, unamsuka au anakuokotea vishikizo. Mwambie: "Una ugonjwa unaitwa kifafa. Wakati mwingine kichwa chako kinakuwa kama redio inayopoteza stesheni, inakoroma kidogo, halafu inarudi. Hauumi, na ukiamka mimi nipo. Vidonge vinasaidia isikorome." Akiuliza tena kuhusu kufa, mwambie tunampa dawa ili awe salama na akue. Usiseme kifafa ni mafua tu, na usilie mbele yake kila anaponywa dawa.

Wewe mwenyewe swali hilo linakukaa usiku, ndiyo maana unamshika mkono. Sitakuficha: kifo cha ghafla usingizini kwa mtu mwenye kifafa kipo, lakini kwa watoto ni nadra, na kinachokipunguza zaidi ni kudhibiti kifafa kwa dawa ya kila siku. Kumlaza chumba kimoja nawe kwa sasa ni sawa. Mpe godoro lake karibu na lako, mlango wazi, mlale. Mama asiyelala ndiye anayesahau kidonge cha asubuhi.

Atapona? Shirika la Afya Duniani linasema wenye kifafa duniani ni kama milioni 50, na hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Mtoto akikaa kama miaka 2 bila kuanguka, daktari huanza kufikiria kumpunguzia dawa. Na katika barua yako umeandika kitu ambacho nataka ukirudie mbele ya daktari neno kwa neno: alfajiri, mdomo kupinda, shavu kucheza, udenda, ndipo mwili mzima. Ipo aina ya kifafa cha utotoni inayoanza hivyo hivyo usingizini, na karibu watoto wote walio nayo huachwa nayo wakishavuka ujana wa mwanzo. Siwezi kukuambia Nasra ana hiyo. Daktari mwenye kile kipimo cha nyaya mkononi anaweza.

Kwa hiyo tarehe ya kliniki mwende watatu, wewe, Nasra na baba yake. Bebeni daftari lenye siku na saa alizoanguka, ikiwemo ile ya jikoni, na pakiti ya dawa. Ulizeni ni aina gani ya kifafa, afanyeje akitapika kidonge, afanyeje mkisahau dozi moja, na kama mnapaswa kuwa na dawa ya dharura nyumbani. Baba Nasra aulize lile la ndoa yeye mwenyewe, ajibiwe yeye mwenyewe. Lakini shule usiisubirishe hadi tarehe hiyo. Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, mwone mwalimu na ile karatasi, na umwambie kwamba haikuwa homa ya matumbo.

Shangazi